Nani anamtuma dereva? Jibu kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Buguruni

SWALI: Mimi na mume wangu tuna duka la vifaa vya ujenzi Buguruni, Dar es Salaam, tawi Mbagala, tawi Tegeta na stoo Vingunguti. Tulianza na vijana wanne, leo wako 34. Mimi nasimamia mauzo na fedha, yeye anashughulika na wauzaji wa jumla na magari. Lakini kila kitu kinaishia kwangu: punguzo, ruhusa, dizeli ya Fuso. Nimehesabu, watu 17 wananipigia simu moja kwa moja. Wiki iliyopita niliagiza Fuso ipakie nondo za mteja wa Chanika, mume wangu akampigia dereva ashushe, apakie vigae vya Kibada. Mteja wa Chanika alikuwa na mafundi wanaolipwa kwa siku. Tumempoteza. Mpwa wangu aliyemaliza chuo ametuchorea chati yenye idara saba, ikiwemo rasilimali watu, masoko na utafiti. Itatusaidia? Au tuajiri meneja mkuu? Na shemeji yangu anayesimamia Tegeta nifanye naye nini, maana hapokei maagizo yangu, anasema yeye anawajibika kwa kaka yake tu?

JIBU: Dada, pole kwa mteja wa Chanika. Hongera pia, kwa sababu shida unayoieleza huwapata watu ambao biashara yao imekua. Vijana wanne unawaongoza kwa macho. Watu 34 waliotawanyika Buguruni, Mbagala, Tegeta na Vingunguti, macho hayatoshi hata ukihamia dukani.

Jambo hili lilishasemwa zamani, na mtu wa reli. Daniel McCallum alikuwa msimamizi mkuu wa reli ya New York and Erie huko Marekani, reli ya karibu maili 500. Katika ripoti yake ya mwaka 1856 alieleza kwamba msimamizi wa reli ya maili 50 anaweza kuifuatilia kazi yote yeye mwenyewe. Anawajua watu wake, tatizo likitokea linamfikia, analiamua hapo hapo, na mambo yataenda hata kama utaratibu wake ni mbovu. Reli ya maili 500 haiendi hivyo. Wewe ulipokuwa na duka moja Buguruni ulikuwa na maili zako 50. Siku mlipofungua Tegeta, zilikwisha.

McCallum huyo huyo ndiye aliyechoresha, mwaka 1855, chati ambayo wengi wanaihesabu kuwa ya kwanza ya muundo wa kampuni. Ilichorwa kama mti. Bodi ya wakurugenzi imewekwa chini, kwenye mizizi, na kutoka hapo matawi yanapanda kuelekea kwa watu wa stesheni na wa njia. Lakini mchoro ulikuja baada ya kazi. Alishaamua nani anaripoti kwa nani, taarifa gani inatoka wapi kila siku, na nani ana mamlaka juu ya kipande gani cha reli. Mpwa wako ameanzia kwenye mchoro. Nampa heshima yake, amefanya alichofundishwa, ila idara saba kwa watu 34 ni nyingi mno. Masoko kwenu yanafanyika kaunta na kwenye simu za mafundi. Mambo ya wafanyakazi ni kazi ya mtu mmoja kwa sehemu ya wiki, na mhasibu wako anaweza kuibeba. Iwekeni chati kabatini kwanza.

Turudi kwa dereva, kwa sababu ugonjwa wote uko pale. Fikiria alivyokuwa siku ile pale Vingunguti: gari limeshapakiwa, utingo ameshafunga kamba, bosi wa kwanza ameshasema Chanika, simu inaita, bosi wa pili anasema Kibada. Wote wawili ndio wanaomlipa mshahara. Atii nani? Alimtii aliyepiga mwisho, na mfanyakazi yeyote mwenye akili angefanya vivyo hivyo. Kesho yake atajifunza jambo baya zaidi, kwamba agizo la mama linaweza kutenguliwa na baba na la baba na mama, kwa hiyo kila agizo linaweza kusubiri. Waswahili wameshasema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa ambaye mwaka 1916 alichapisha kanuni zake 14 za uongozi, aliliweka hili miongoni mwa kanuni nzito kuliko zote: mtu mmoja apokee maagizo ya kazi kutoka kwa mkubwa mmoja. Kanuni hii ikivunjwa, mamlaka hudhoofika, nidhamu huyumba, na utulivu hupotea. Fayol hakuwa mtu wa nadharia tupu. Alikabidhiwa kampuni ya makaa ya mawe na chuma mwaka 1888 ikiwa inakaribia kufilisika, akaiongoza kwa miaka 30 na kuiacha imesimama imara.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yenu wawili, wewe na mume wako, na msimwite mfanyakazi yeyote. Kaeni nyumbani jioni moja, chukueni karatasi, andikeni maamuzi. Msiandike vyeo, andikeni maamuzi: nani anapanga bei, nani anachagua wa kununua kwake, nani anaruhusu mkopo wa mteja, nani anaajiri, nani anaachisha kazi, nani anapanga safari za gari. Mbele ya kila uamuzi liwekwe jina moja. Yakiwekwa majina mawili mtakuwa mmerudi kulekule. Kutokana na ulivyoeleza, mauzo, matawi na fedha ni vyako, na ununuzi, stoo na magari ni vyake. Mambo machache yabaki ya pamoja kabisa, kama kukopa benki, kufungua tawi jipya na kununua gari, na hayo hayaamuliwi kwa simu.

Najua sehemu hii ni ngumu, kwa sababu hapa si muundo wa kampuni peke yake, ni ndoa. Mtu akiambiwa jambo fulani si lake tena anaweza kuona amevuliwa kitu. Ninachokuomba ni hiki: kila mmoja wenu abaki na haki ya kuuliza lolote na kujua lolote, vitabu vyote viwe wazi kwenu wote wawili. Kinachogawanywa ni haki ya kutoa agizo. Ukitaka gari liende Chanika, unamwambia mume wako au mtu wake. Humpigii dereva, hata kama namba yake unayo.

Na nasema mtu wake kwa makusudi, maana hata mume wako asimpigie dereva. Wekeni msimamizi mmoja wa usafirishaji. Huenda tayari mnaye, yule kijana wa Vingunguti anayejua kila Fuso inakula dizeli kiasi gani. Mpeni daftari moja kubwa la ratiba. Matawi yote yanamtumia oda za kesho kabla ya saa kumi na moja jioni. Anaandika gari, dereva, mzigo, mteja, namba ya simu ya mteja na saa ya kufika, kisha anawatumia nyote picha ya ukurasa ule. Baada ya hapo ratiba imefungwa. Likitokea la dharura, anayeweza kuibadili ni yeye tu, na akiibadili anaandika gari lilikuwa linakwenda kwa nani, nani ameomba badiliko, na nani amempigia mteja aliyeachwa kumjulisha. Safu hiyo ya mwisho msiiache. Mteja wa Chanika angepigiwa saa moja asubuhi kwamba nondo zitafika saa nane mchana, angewapangia mafundi wake kazi nyingine, na pengine mngekuwa naye bado.

Sasa zile simu za watu 17. Mwaka 1861, Fayol akiwa bado kijana kwenye mgodi wa Commentry, farasi mmoja wa kuvuta mizigo alivunjika mguu chini ya mgodi. Fayol akaandika hati ya kupewa farasi mwingine. Mtunza farasi akakataa kwa sababu hati haikuwa na sahihi ya meneja. Meneja hakuwepo, na hakuna aliyeachiwa nafasi yake. Fayol akabembeleza, mtunza farasi akashikilia amri aliyopewa, uzalishaji wa sehemu ile ya mgodi ukapotea siku hiyo. Mtunza farasi hakuwa mtu mbaya, alilinda mali ya kampuni kama alivyoambiwa. Kosa lilikuwa la aliyeondoka na mamlaka yote mfukoni.

Hilo linatokea kwako kila siku. Fundi amesimama kaunta ya Mbagala anataka punguzo kwenye rangi na mabomba, kijana anakupigia, wewe uko kwenye foleni ya ofisi ya kodi na simu umeizima. Fundi anavuka barabara, duka la pili anapata anachotaka. Umewapa vijana wako wajibu wa kuuza bila mamlaka ya kuuza, na viwili hivi vinapaswa kwenda pamoja, kwa kipimo kimoja. Aliyepewa wajibu bila mamlaka atakupigia simu mpaka uchoke. Aliyepewa mamlaka bila wajibu atakula mtaji.

Njia ya kukabidhi mamlaka bila kulala roho juu ni kuweka viwango vya fedha kwa maandishi. Mkuu wa tawi anaruhusiwa kupunguza hadi asilimia fulani ya ankara, tuseme tatu, isipokuwa kwenye simenti ambako faida ni nyembamba na punguzo dogo linaimaliza. Anaruhusiwa matumizi madogo ya siku, kama bajaji ya kupeleka mzigo mwepesi au umeme wa luku, hadi kiasi mtakachokubaliana kwa wiki, kila kimoja na risiti. Anaruhusiwa kutoa ruhusa ya siku moja kwa kijana anayeuguliwa. Kukopesha ndipo pa kuangalia sana. Hapa mimi ni mkali, kwa sababu maduka ya vifaa vya ujenzi yanakufa kwa mikopo ya wakandarasi kuliko kwa wizi. Tengeneza orodha ya wateja wanaokopesheka, na kila mmoja na ukomo wake. Ndani ya orodha na ndani ya ukomo, mkuu wa tawi anatoa mzigo bila kukuuliza. Nje ya hapo, hata akija mtu na suti na barua ya mradi wa serikali, uamuzi ni wako peke yako.

Viwango hivyo mnaweza kuvipandisha baada ya miezi mitatu kwa atakayevitumia vizuri. Kila Jumatatu pitia yaliyoamuliwa wiki iliyopita, na akikosea ndani ya kiwango chake usimfokee mbele ya wenzake wala usiutengue uamuzi mbele ya mteja. Ukifanya hivyo mara moja tu, watarudi kukupigia simu wote.

Kuhusu idadi ya watu chini ya mtu mmoja, yupo mtaalamu aliyeitwa V. A. Graicunas ambaye mwaka 1933 alipiga hesabu ya mahusiano yanayowezekana kati ya kiongozi na watu wake. Hakuhesabu vichwa tu, alihesabu pia jinsi wanavyohusiana wao kwa wao na kwa makundi. Watu wanne wakamletea mahusiano 44. Watano, 100. Wanane, 1,080. Ni hesabu ya yanayowezekana, siyo yote yatatokea kwa siku moja, lakini inaonyesha kwa nini kuongeza mtu mmoja kunachosha kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Usiichukue kama amri. Vijana 10 wanaofanya kazi moja, kwenye kaunta moja, wanaweza kusimamiwa na mtu mmoja bila shida. Watu wanaofanya kazi tofauti, kila mmoja na matatizo yake, wakizidi watano au sita utaanza kuwasikiliza nusunusu.

Kwako naona wanne: mkuu wa Buguruni, mkuu wa Mbagala, mkuu wa Tegeta na mhasibu. Kwa mume wako watatu: mtunza stoo mkuu, msimamizi wa usafirishaji na kijana wa ununuzi. Wengine wote 27 wanakuwa chini ya hao saba. Hapo ndipo mnaweza kuitoa ile chati kabatini, mkaichora upya kwenye ukurasa mmoja, na itakuwa ya kweli.

Utauliza, je, Mbagala wakiishiwa bati na Tegeta wanazo, ombi lipande kwako, liende kwa mume wako, lishuke stoo, ndipo lifike Tegeta? Hapana. Fayol aliliona hilo pia, akaruhusu daraja kati ya watu wa ngazi moja: wazungumze moja kwa moja na wamalizane, mradi wakubwa wao wameridhia njia hiyo na wanajulishwa kilichoamuliwa. Kwa hiyo mkuu wa Mbagala anampigia mwenzake wa Tegeta, wanakubaliana bati 40, wanaandikiana hati ya kuhamisha mzigo, nakala kwa mtunza stoo mkuu na kwa mhasibu. Wewe utaiona jioni. Wakishindwa kukubaliana, hapo ndipo unapoingia.

Jambo moja la fedha usilipitie juu juu. Anayepokea fedha asiwe ndiye anayetoa mzigo, na wote wawili wasiwe ndio wanaoandika vitabu. Kwenye tawi dogo utashawishika kumpa kijana mmoja mwaminifu vyote vitatu. Usimtie kwenye jaribu hilo. Keshia anapokea na kutoa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, kijana wa stoo anatoa mzigo kwa risiti hiyo tu, na mhasibu wa Buguruni ndiye anayelinganisha mauzo, lipa namba, fedha taslimu na mzigo uliobaki. Keshia wa tawi yuko chini ya mkuu wa tawi kwa kazi za kila siku, lakini kanuni za fedha anazipata kwa mhasibu, na mkuu wa tawi hana ruhusa ya kumwambia azivunje. Liandikwe hivyo hivyo, vinginevyo na yeye atajikuta na mabosi wawili.

Meneja mkuu? Msimwajiri sasa. Mtu huyo atakuja na mshahara mkubwa akute hakuna mamlaka ya kumkabidhi, kwa sababu nyinyi wenyewe hamjagawana. Wafanyakazi watamruka wakupigie wewe, wewe utajibu kwa mazoea, na baada ya miezi michache ataondoka mkisema mameneja wa siku hizi hawafai. Gawaneni kwanza, wakuu wa matawi wazoee viwango vyao, kisha mwezi mmoja wewe usafiri wiki mbili bila kupokea simu za kazi. Yatakayokwama ndiyo yatakayokuonyesha kama mnahitaji meneja, na wa kazi gani. Inawezekana mkagundua mnachohitaji ni mhasibu mwenye uzoefu zaidi.

Nimemwacha shemeji mwisho kwa sababu dawa yake inategemea yote hayo. Sina ugomvi na ndugu kazini. Ndugu wengi wamezijenga biashara za jiji hili, na wamekesha nazo wakati hapakuwa na mshahara. Kinachowaharibia ni kuajiriwa kwa mdomo. Shemeji yako hajawahi kuambiwa rasmi anaripoti kwa nani, kwa hiyo ameshika anachokijua, kwamba kaka ni kaka. Na sheria haiko upande wa mdomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na maelezo ya kazi yenyewe yamo katika orodha ya yanayotakiwa. Wafanyakazi wote 34 wanastahili karatasi hiyo. Anza na wakuu wa matawi, na yeye akiwemo.

Lipo la kisheria jingine linaloingia kwenye muundo. Kanuni za utendaji bora za ajira na mahusiano kazini za mwaka 2007 zinataka kikao cha nidhamu kiongozwe na mtu wa uongozi mwenye cheo cha kutosha ambaye hakuhusika na tukio lenyewe. Kama kila agizo linatoka kwako na kila kosa umelishuhudia wewe, siku ya kikao nani atakaa kwenye kiti? Mkigawana maeneo, mmoja wenu anaweza kuongoza kikao cha mtu wa upande wa mwenzake. Hata hivyo, kwa jambo la shemeji ni bora mkamwomba mtu wa nje kabisa, asije akadai amehukumiwa na familia.

Ila msifike huko kabla ya kumpa nafasi. Mwandikieni barua: yeye ni mkuu wa tawi la Tegeta, viwango vyake ni hivi, ripoti yake ya mauzo inafika kila siku kabla ya saa mbili usiku, na anayepokea ripoti hiyo na kumpa maagizo ni wewe. Barua hiyo aisaini mume wako na amkabidhi shemeji kwa mkono wake mwenyewe, wewe ukiwepo, kwa sababu ndiye ambaye shemeji anadai kumwajibikia. Wiki itakayofuata shemeji atampigia kaka yake amalize jambo la Tegeta nje yako, na pengine litakuwa jambo dogo na kaka atakuwa na jibu tayari mdomoni. Kubalianeni mapema jibu litakuwa moja: “Mpigie shemeji yako.”